Jinsi ya Kuonja na Kuipa Alama Bia Chachu ya Brussels
Gueuze, aina ya bia chachu, ya Cantillon, kiwanda kidogo cha bia kilichoanzishwa Brussels mwaka 1900, hutokana na mchanganyiko wa bia zilizokaa katika mapipa ya mbao kwa mwaka 1, 2 na 3, na kwa hiyo haifai kupimwa kwa vigezo vya bia za kawaida. Imimine polepole, ikiwa na ubaridi wa wastani, katika glasi isiyo na mabaki ya sabuni, kisha inuse kabla ya kuionja, kwa kuwa harufu hufifia upesi. Katika mizani ya alama 50 inayotumiwa na majaji wengi wa bia, ladha hupewa 20, harufu 12 na mwonekano 3 tu, mgawanyo ambao naona ni wa haki. Uchachu usiuhesabu kuwa kasoro. Punguza alama pale tu ukali wa siki unapofunika ladha nyingine zote.