Duka la Bei Nafuu au Duka la Vyakula Maalumu? Namna ya Kupima Kitu kwa Kitu

Mimi ni mnunuzi wa jiko. Wenzangu wanapika, mimi naingia madukani na orodha mkononi, kisha narudi na risiti ambazo lazima nizitolee maelezo. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: tununue wapi? Kule kwenye duka la bei nafuu, ambako katoni hukatwa mdomo na kuachwa hapohapo sakafuni, au kule kwenye duka la vyakula maalumu lenye taa za manjano na muuzaji anayekuonjesha jibini kwa kijiti? Siku hizi swali hilo nalikataa. Duka halina ubora. Ubora unao mfuko wa lozi, kopo la samaki, chupa ya mafuta, na kila kimoja kina jibu lake.

Wenye maduka wenyewe wanalijua hilo. Ndugu wawili wa Kijerumani, Karl na Theo Albrecht, walichukua duka la mama yao mjini Essen mwaka 1946, na hapo ndipo ilipochipuka Aldi, ambayo maduka mengi ya bei nafuu yameiga mtindo wake. Baadaye ndugu hao waligawana kampuni, na mwaka 1979 upande wa Theo ulinunua Trader Joe's, maduka aliyoyaanzisha Joe Coulombe huko Pasadena, California, mwaka 1967, kwa ajili ya wateja waliotaka mvinyo na vyakula ambavyo duka la kawaida halikuwa navyo. Nafuu na maalumu, ukoo mmoja.

Utahitaji daftari, simu yenye kikokotoo, mizani ya jikoni inayosoma gramu, chujio, na vikombe sita vinavyofanana. Mizani usiiruke.

Hatua ya 1: Anza na risiti zako

Kusanya risiti za miezi miwili. Chagua vitu 15 vinavyojirudia, maana hivyo ndivyo vinavyokula fedha. Wengi hukosea hapa: huenda kulinganisha kitu cha anasa wanachonunua mara moja kwa mwaka, wakahitimisha kwamba duka fulani ni wezi.

Kisha vigawe. Kuna vitu ambavyo havina ufundi: chumvi, sukari, baking soda, wanga wa mahindi. Kwa hivyo mimi huangalia bei tu na kuendelea na safari. Kuna vitu vya ufundi, kama jibini, mkate, kahawa, chokoleti na mafuta ya zeituni, ambavyo mkono wa mtengenezaji unaonekana. Na kuna vibichi, yaani mboga, matunda, nyama na samaki, ambavyo jibu lake la leo si la kesho.

Hatua ya 2: Hakikisha unalinganisha kitu na mwenzake

Mdalasini ndio mwalimu wangu katika hili. Niliwahi kuandika daftarini kwamba duka la vyakula maalumu linauza mdalasini kwa bei mara tatu ya lile la bei nafuu, nikapiga mstari mwekundu. Baadaye nikavitoa vijiti vyote viwili nikaviweka mezani. Kimoja kilikuwa gome moja nene, gumu, lililojikunja kama bomba. Kingine kilikuwa na matabaka mengi membamba yaliyolaliana, unakivunja kwa vidole viwili. Cha kwanza ni kasia (cassia), cha pili ni mdalasini wa Ceylon. Ni miti miwili tofauti, na mimi nilikuwa nalinganisha binamu nikidhani ni pacha. Nikaufuta mstari.

Kwa hiyo, kabla ya bei, soma lebo. Kiwango cha mwaka 1985 kuhusu lebo za vyakula cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ambacho nchi nyingi hukifuata, kinataka viambato vipangwe kuanzia kilicho kizito zaidi. Siagi ya karanga inayoanza na karanga na kuishia na chumvi si mwenzake wa ile yenye sukari nafasi ya pili na mafuta ya mawese nafasi ya tatu. Mchuzi wa nyanya ukianza na maji, unanunua maji. Kwenye mafuta ya zeituni, maneno «extra virgin» yana maana ya kupimika: asidi isizidi gramu 0.8 katika gramu 100, na pua na ulimi wa waonjaji usikute kasoro. Chupa iliyoandikwa «safi» tu au «laini» haimo katika daraja hilo, hata kama picha ya mzeituni ni ileile.

Mara nyingi utakuta mshangao wa upande wa pili: chapa ya duka la bei nafuu ina viambato vilevile, kwa mpangilio uleule, na asilimia ileile ya kakao kama ile ya karatasi ya dhahabu. Viwanda vingi hutengeneza chapa zao na za maduka pia. Hilo halithibitishi kwamba mapishi ni yaleyale, lakini linatosha kukipeleka kitu hicho hatua ya 5, ile ya kuonja bila kujua.

Hatua ya 3: Tafuta bei ya kile kinachoingia mdomoni

Bei ya kibandiko haina maana mpaka uigawe kwa uzito. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1998 linataka bei ya kilo au lita ioneshwe pamoja na bei ya pakiti. Pale isipooneshwa, piga hesabu mwenyewe: bei, gawa kwa gramu, zidisha kwa 100. Angalia pia kibandiko chenyewe kisikuchezee, maana nimekuta rafu moja ambapo pakiti hii imepigiwa bei kwa kilo na jirani yake kwa kipande.

Lakini hata bei ya kilo hudanganya pale ambapo sehemu ya kilo haiendi mdomoni. Chukua makopo mawili ya jodari, yote yameandikwa gramu 170. La duka la bei nafuu ni 100, la duka la vyakula maalumu ni 130 (weka fedha yoyote unayotumia). Ukiishia hapo, la kwanza limeshinda kwa mbali. Sasa yafungue, mimina kila moja kwenye chujio, subiri dakika mbili, pima. La kwanza limebaki na gramu 102 za samaki, la pili gramu 136. Gramu 100 za samaki kwenye kopo la nafuu zimekugharimu 98, kwenye kopo la ghali takriban 96. Aliyekuwa ghali amegeuka nafuu, na samaki wake ni minofu, si vumbi la samaki. Si kila kopo litakutokea hivi. Mara nyingine maji yako kwenye la ghali. Ndiyo maana nilisema mizani usiiruke. Makopo mengi yana uzito bila maji ulioandikwa kwa herufi ndogo. Utafute huo, si ule mkubwa wa mbele.

Kamba waliogandishwa ni kesi mbaya zaidi. Hufunikwa ganda jembamba la barafu ili wasikauke, na hilo ni jambo la halali na lenye faida. Tatizo ni unene wa ganda. Mfuko wa kilo moja uliouzwa 900 niliuyeyusha ndani ya jokofu usiku kucha, nikauchuja, nikabaki na gramu 780. Kilo ya kamba wenyewe ikawa imefika karibu 1,154. Kwenye meza ya samaki wabichi ya duka la pili walikuwa 1,100, nami nilikuwa nimewapita nikitikisa kichwa.

Hatua ya 4: Pita kwenye rafu kama mkaguzi

Nenda maduka yote mawili siku moja, saa zinazokaribiana. Mboga za asubuhi ya Jumanne na za jioni ya Jumapili hazishindani kwa haki.

Unachotafuta ni mzunguko. Kitu kinachoingia na kutoka haraka huwa kibichi hata kama duka ni la kimaskini. Duka la bei nafuu lina aina chache za bidhaa, kila moja ikiuzwa kwa wingi, na hapo ndipo nafuu nyingi inapotoka: ununuzi mkubwa wa kitu kimoja, wafanyakazi wachache, bidhaa ndani ya katoni yake, matangazo kidogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoharibu chakula. Duka la vyakula maalumu lina aina nyingi ambazo wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo baadhi yake hukaa. Pitisha kidole juu ya kopo. Angalia tarehe ya pakiti ya mbele na ya nyuma kabisa: zikiwa sawa na zote zimekaribia, shehena ile ina muda hapo. Nilinunua pilipili manga iliyosagwa kwenye duka moja la kifahari, chupa ya kioo, kifuniko cha mbao. Nilipoifungua jikoni, mpishi alinusa, akanirudishia bila neno. Ilinukia kama kadibodi. Tangu hapo viungo nanunua vizima, popote, mradi duka linauza vingi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuingia duka lenye taa zilizochaguliwa ili nyama ionekane nyekundu. Toa pakiti ya nyama kwenye taa hizo, isogeze kwenye mwanga wa kawaida, ndipo uitazame.

Hatua ya 5: Onja bila kujua

Hii ndiyo hatua iliyonivunjia kiburi. Nilikuwa naapa kwamba naijua chokoleti ya bei mbaya kwa harufu tu.

Unahitaji mtu wa pili. Wewe toka nje ya chumba. Yeye anaweka vikombe vitatu: viwili vina kitu kilekile, cha tatu kina kile kingine, na anaandika siri yake kwenye karatasi. Ukirudi, kazi yako ni kusema kipi ni mgeni. Usianze na swali la kipi kitamu, kwa sababu mtu akiulizwa hivyo hutafuta utamu hata pasipo na tofauti. Rudia mara sita, vikombe vikibadilishwa nafasi kila mara, na kunywa maji katikati. Anayebahatisha atapatia theluthi moja, yaani mara mbili katika sita. Kupatia mara tano au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 2 katika 100. Kwa hiyo 5 ndiyo alama yangu ya kufaulu. Chini ya hapo, naandika daftarini «sijaona tofauti» na kuchukua cha bei nafuu.

Mambo matatu ya kuzingatia. Vitu viwe na joto moja, maana jibini la kutoka kwenye friji halina ladha mbele ya lililokaa nje nusu saa. Vikatwe sawa, umbo la kipande hutoa siri. Na kitu kinachopikwa kionjwe kikiwa kimepikwa. Mafuta ya zeituni ya daraja la juu niliyatofautisha mara sita kwa sita juu ya mkate. Ndani ya kitunguu kilichokaangwa nilipata mbili. Sasa tuna chupa mbili jikoni, ya ghali kwa saladi na ya nafuu kwa kikaango, na hakuna tena anayenigombeza.

Chokoleti? Nilipatia mara tatu. Mke wangu, aliyekuwa anapanga vikombe, bado ananikumbusha.

Hatua ya 6: Ongeza nauli na kinachotupwa

Nauli ni rahisi: igawe juu ya kapu zima, si juu ya kitu kimoja. Kama safari ya pili inaokoa 200 na inakula 150, umefanya kazi ya saa nzima kwa 50.

Kinachotupwa ndicho wengi hawakihesabu. Pakiti kubwa ya kilo moja ni 300. Ndogo ya gramu 400, ambayo duka la vyakula maalumu litakupimia, ni 150, sawa na 375 kwa kilo. Kubwa inashinda, mpaka utupe sehemu ya tano yake, hapo zinalingana. Ukitupa theluthi, umelipa 450 kwa kilo uliyokula. Mimi huweka karatasi juu ya pipa la takataka kwa wiki mbili na kila anayetupa chakula anaandika nini na kiasi gani. Mwanzoni watu hucheka. Wiki ya pili majani mabichi ya viungo yalikuwa yamejaza ukurasa, na tangu hapo nayanunua kwa kiganja, kwa bei ya kilo inayotisha, bila aibu.

Hatua ya 7: Andika uamuzi mbele ya kila kitu

Kwenye daftari, mbele ya kila kimoja kati ya vile 15, weka herufi: N kwa duka la bei nafuu, M kwa maalumu, na alama ya kuuliza kwa vibichi ambavyo utaamua ukiwa umesimama mbele yake. Andika na sababu kwa maneno machache, kama «maji mengi koponi» au «sijaona tofauti, mara 3 kwa 6», kwa sababu baada ya miezi mitatu utasahau na utaanza kubishana na nafsi yako. Orodha yangu ya sasa ina N kumi, M tatu na alama za kuuliza mbili. Lozi zilikuwa N mpaka mwezi uliopita, pakiti ilipopungua kutoka gramu 500 hadi 450 na bei ikabaki palepale. Wiki ijayo naziweka tena mezani.