Kuifunza Pua Ikusaidie Kutuliza Moyo

Taarifa za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi, ilhali za pua hufika karibu moja kwa moja katika amigdala na hipokampasi, sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana moshi wa udi ukipenya dirishani Mji wa Kale, Mombasa, waweza kumrudisha mtu kwenye harusi ya dada yake kabla hajatambua ananusa nini. Hata hivyo, katika kazi yangu ya unasihi naona wengi wakianzia mwisho: hununua mafuta ya bei ghali wakati wamekwisha kufadhaika, kisha huyalaumu yasipowafaa. Harufu hutuliza zaidi pale ilipokwisha kufungamana na utulivu, na fungamano hilo hujengwa mapema, siku za salama.

Hatua ya kwanza: chagua harufu moja. Nenda soko la Marikiti, unuse iliki, mdalasini, karafuu na chochote kingine kinachokuvutia, huku ukiuangalia mwili wako: je, mabega yanashuka, au taya linakaza? Usifuate sifa za watu. Kafuri humburudisha mmoja, lakini aliyefiwa karibuni huenda ikamkumbusha maiti ikioshwa; asumini kwa huyu ni fungate, kwa yule ni ndoa iliyovunjika. Iache pia harufu iliyozoeleka nyumbani mwako, kwa kuwa imekwisha kushikana na mambo mengine mengi, yakiwemo magomvi.

Hatua ya pili: iandae. Tuseme umechagua karafuu. Tafuta zilizojaa, zenye vichwa, kisha ubonyeze kikonyo kwa ukucha: karafuu njema hutoa mafuta kidogo, iliyochakaa haitoi kitu. Ziponde chache, uzitie katika kijichupa cha kioo chenye kifuniko cha kukaza. Kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, nakipenda sana, ila maua yake hunyauka upesi na harufu hubadilika, kwa hiyo hakifai kwa zoezi hili.

Hatua ya tatu: ifungamanishe na utulivu. Kila siku, wakati ambao nafsi imetua, kwa mfano baada ya swala ya alasiri, keti, fungua kijichupa na unuse mara tatu kwa pumzi fupi, ukitoa pumzi polepole kila mara. Kisha kifunge papo hapo, maana pua huzoea harufu baada ya dakika chache tu na huacha kuisikia. Endelea kwa wiki mbili au tatu. Siku uliyokasirika, kiache kimefungwa. Hatua hii ndiyo inayobeba kazi yote, na kuiharakisha ni kuiharibu.

Hatua ya nne: itumie. Kwenye foleni ya feri ya Likoni, au nje ya mlango wa usaili, rudia pumzi zile zile. Usikome vipindi vya nyumbani, kwani harufu inayonuswa wakati wa hofu peke yake hatimaye hushikana na hofu.

Mwenye pumu aepuke moshi wa udi na ubani, na mafuta ya manukato yasinywewe wala yasipakwe ngozini bila kuchanganywa na mafuta mengine. Huzuni ikikushika zaidi ya wiki mbili, usingizi ukapotea, au yakakujia mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali. Kijichupa hakiwezi kuchukua nafasi ya matibabu.

Baadhi ya waliopoteza uwezo wa kunusa baada ya mafua makali au Korona hawadhani kwamba unyonge wa moyo walio nao unaweza kuhusiana na pua. Mwaka 2009, watafiti wa Dresden, Ujerumani, walichapisha zoezi la kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu mara mbili kwa siku kwa wiki 12, na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Ikiwa hali yako ni hiyo, muone kwanza daktari wa masikio, pua na koo, kisha anza na harufu hizo nne kabla ya kurudi kwenye hatua ya kwanza.