Unamsalimiaje kwa Kiingereza mtu ambae ndo mnakutana mara ya kwanza

Wapo watu Kiingereza wanakijua vizuri tu, kusoma wanasoma, kuandika wanaandika, ila wakisimama mbele ya mtu mgeni wanakwama kwenye zile sekunde za mwanzo. Na hizo ndo mtu anakukumbuka nazo, kwahiyo zijue kabisa zitoke zenyewe.

Anza na salamu ya muda. "Good morning" mpaka saa sita mchana, kuanzia hapo "Good afternoon", jioni ikiingia "Good evening". Hata kama umefika saa tatu usiku bado ni "Good evening", maana "Good night" ni ya kuagana, ukiisema ndo kwanza unaingia mlangoni unakuwa umeshaaga. Hii inakosewa sana. "Hello" inafaa muda wowote, "Hi" nayo sio mbaya ila kwa mtu unaemheshimu au kwenye usaili iache kwanza.

Afu taja jina lako kabla hujauliza la mwenzio, "Hello, I'm Asha" au "My name is Asha". Ukianza moja kwa moja na "What's your name?" inakaa kama unamhoji, wakati mara nyingi ukishasema la kwako na yeye anasema la kwake bila kuulizwa, asiposema ndo uliza taratibu "May I ask your name?". Usipolisikia vizuri usijifanye umelisikia, sema "I'm sorry, I didn't catch your name", atarudia kwa furaha tu, watu wanapenda jina lao lisemwe sawasawa.

Mkishajuana majina inakuja "Nice to meet you". Ukitaka ya heshima zaidi kuna "Pleased to meet you" na "It's a pleasure to meet you". Ukiambiwa wewe, jibu "Nice to meet you too". Ila hizi zote ni za mara ya kwanza tu jamani! Siku mkionana tena sema "Nice to see you again", ukirudia ile ya mwanzo mtu anaona umeshamsahau na hapo lazima ajisikie vibaya.

Akikuuliza "How are you?" jibu fupi, "I'm fine, thank you. And you?" Hapo hategemei umweleze mgongo unavyokusumbua tangu juzi. Kile kipande cha mwisho cha "And you?" usikiache hata siku moja, ndo kinachoonyesha na wewe unamjali, bila hicho maongezi yanaishia hapo hapo.

Ipo na "How do you do?", ni ya kizamani kidogo na rasmi sana, utaisikia zaidi kwa Waingereza watu wazima. Huna haja ya kuianzisha wewe ila ijue, maana inaonekana kama swali na sio swali, jibu lake ni hiyo hiyo "How do you do?", sio "fine".

Kuhusu kumwita mtu, mwanaume ni "Mr", mwanamke ni "Ms", inatamkwa kama "miz" na haigusi kama ameolewa au hajaolewa, ndo maana ni salama kuliko "Mrs", hiyo itumie kama mwenyewe kajitambulisha hivyo. Zote zinaenda na jina la ukoo, sio la kwanza. Mtu anaitwa Anna Brown basi ni Ms Brown, mpaka aseme mwenyewe "Please, call me Anna".

Ukiunganisha, kwa mfano umeenda kwenye usaili, inakuwa hivi:

"Good afternoon, I'm Asha. I'm here for the interview."
"Good afternoon, Asha. I'm Anna Brown. How are you?"
"I'm fine, thank you. And you?"
"Very well, thanks."
"It's a pleasure to meet you, Ms Brown."

Sema polepole, mwangalie usoni na utabasamu. Mkimaliza, wakati wa kuondoka sema "It was nice meeting you", afu malizia na jina lake.