Utando wa manganaiti: jinsi ya kujua kama kweli ni mkazo

Umeotesha utando mwembamba wa La0.7Sr0.3MnO3, manganaiti (oksidi ya manganisi yenye usumaku), na halijoto yake ya Curie, ile ambayo juu yake usumaku hupotea, imetoka chini kabisa ya zile kelvini 360 na ushei za kipande kinene. Mkono unawasha kuandika "ni mkazo", yaani utando umevutwa au kubanwa na fuwele ulioota juu yake. Ngoja kwanza. Upungufu wa oksijeni nao huishusha vilevile, na kosa hilo liliwahi kunila miezi miwili.

1. Sabstreti, yaani fuwele ya chini inayooteshewa utando. Atomi za manganaiti hii hujirudia kila angstromu (sehemu ya kumi ya nanomita) 3.88 hivi. Stronti titaneti ni 3.905, kwa hiyo utando unavutwa kwa karibu 0.7%. Lanthani alumineti ni 3.79, hapo unabanwa kwa zaidi ya 2%. LSAT (oksidi ya lanthani, stronti, alumini na tantali), yenye 3.868, haiulazimishi sana. Huyo ndiye shahidi wako. Otesha juu ya zote tatu kwa mpigo mmoja, nanomita 20 zinatosha. Ukinenepesha, mkazo wa kwenye alumineti huanza kulegea. Ukipunguza hadi nanomita chache, usumaku hufifia wenyewe.

2. Kupoza. Jaza chumba cha kuoteshea oksijeni kabla joto halijashuka. Stronti titaneti ikikaa motoni bila oksijeni ya kutosha hugeuka kipitishi, nawe utapima ukinzani wake ukidhani ni wa utando.

3. Eksirei. Hapa usiharakishe. Kwa eksirei za shaba, kilele cha 002 (mwakisiko unaopima kimo cha fuwele) cha stronti titaneti kiko nyuzi 46.5. Cha utando uliovutwa kiwe karibu na 47.2, maana unaovutwa kwa ubavu hupungua kimo, hadi angstromu 3.85 hivi. Changu kilikuwa kimesogea kushoto, karibu na 46.9. Nikasema mkazo umelegea, nikaendelea na safari. Kumbe mapengo ya oksijeni nayo hutanua kimo. Ramani ya eksirei ya kuzunguka kilele cha 103 (mwakisiko wa mshazari, unaoonyesha kimo na upana pamoja) ndiyo iliyoamua: kilele cha utando kilikaa wima sambamba na cha sabstreti, ishara kwamba hakuna kilicholegea. Niliurudisha utando kwenye tanuri lenye oksijeni, kimo kikashuka, halijoto ya Curie ikapanda. Jaribio hili lifanye kabla ya hatua ya 4.

4. Usumaku. Tumia kibanio cha plastiki, na ukwangue rangi ya fedha iliyobaki mgongoni. Utando wa milimita 4 kwa 4 una emu (kipimo cha usumaku) 0.0002 tu, hivyo chembe ya chuma inatosha kukudanganya. Ondoa mstari mnyoofu ambao sabstreti huuongeza kwenye kipimo, kisha pima pande mbili: sambamba na utando, na wima. Uliovutwa hupenda kulaza usumaku wake. Uliobanwa na alumineti mara nyingi huusimamisha. Kuvuta hupendelea obiti (umbo la wingu la elektroni) ya x²−y², iliyolala, kubana hupendelea 3z²−r², iliyosimama.

5. Ukinzani. Nukta nne za kugusa, si mbili. Elektroni huruka kutoka manganisi hadi manganisi kupitia oksijeni, na mruko huohuo ndio unaobeba umeme na kushikanisha usumaku. Ndiyo maana kilele cha ukinzani hutarajiwa kuwa karibu na halijoto ya Curie. Vikiachana mno, rudi hatua ya 3. Poza polepole. Ukiona kikunjo karibu na kelvini 105 kwenye stronti titaneti peke yake, LSAT ikiwa laini, hicho si cha utando: ni sabstreti inayobadili umbo la fuwele yake na kuuburuta utando.