Kukunja balsa bila kuivunja

Unapounda ndege ya rimoti ya balsa, yaani mbao nyepesi sana, ukifika kufunika ukingo wa mbele wa bawa usilazimishe kibao kikavu. Lowesha upande wa nje peke yake kwa sponji na maji ya moto. Nyuzi za upande huo huvimba, na kibao huanza chenyewe kujikunja kuelekea upande mkavu, inapendeza kweli kutazama. Kifunge kwa bendeji kwenye chupa mpaka kikauke kabisa, ndipo utie gundi. Kwa unyevu wa hapa Mombasa, masika hasa, kiache usiku kucha; kikibandikwa kibichi kitasinyaa na kupinda bawa zima. Nyuzi ziende sambamba na urefu wa bawa: zikiuzunguka mkunjo, kibao kitakatika tu hata ukikilowesha vipi.