Somo: Fundi umeme wa nyumba, namna ya kumpata na kumsimamia ili waya zisije kuchoma nyumba

Somo ni la anayejenga au anayebadilisha waya kwenye nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu hapa Tanzania, umeme wa fezi moja, volti 230. Makosa yanayozaa moto hukaa ndani ya plasta na juu ya dari, kwa hiyo usimamizi wa maana ni ule unaofanyika ukuta ukiwa bado wazi. Rangi ikishapigwa, huoni tena kitu.

Hatua ya 1: Leseni, halafu swali moja

Omba kuona leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Soma jina, daraja na tarehe ya kwisha. TANESCO wanataka mkandarasi mwenye leseni kwenye maombi ya kuunganishiwa umeme, na hapo ndipo mchezo wa muhuri unapoingia: waya anatandaza fundi maiko, kisha mwenye leseni ambaye hajakanyaga saiti anagonga muhuri. Weka sharti mapema kwamba anayegonga ndiye atakayekuja kupima.

Kisha muulize: "Hita ya kuogea ya wati 5,500 utaiwekea waya gani na breka gani?" Hesabu yake ni 5,500 kugawa kwa 230, karibu ampia 24. Jibu zuri ni laini yake yenyewe kutoka mainswichi (boksi la breka), waya wa 6 (milimita za mraba), breka ya ampia 32. Waya wa 4 unabeba kwenye karatasi, ila joto la dari zetu za bati linapunguza uwezo wake. Akisema ataivuta kutoka soketi ya jirani, mshukuru muagane.

Hatua ya 2: Makubaliano ya karatasi moja

Mafundi wengi wanahesabu kwa pointi (kila taa, swichi au soketi), basi andikeni idadi ya pointi chumba kwa chumba. Pesa ya vifaa usimkabidhi. Nendeni dukani pamoja. Pesa ya ufundi igawe hivi: asilimia 30 mabomba na maboksi yakishakaa ukutani, 40 waya zikishavutwa, 20 soketi na mainswichi zikishafungwa, 10 baada ya vipimo. Hiyo 10 ya mwisho ndiyo itakayomrudisha na kipimo mkononi.

Hatua ya 3: Vifaa

Taa: waya wa 1.5, breka ya 6 au 10. Soketi: waya wa 2.5, breka ya 20 kama laini inaishia kwenye soketi ya mwisho, au 32 kama ni ringi inayorudi mainswichi. Jiko la umeme na hita: waya wa 6, kila kimoja na laini yake. Ongeza RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha T. Erthi iende hadi kila soketi.

Breka kazi yake ni kulinda waya. Laini ya waya wa 2.5 ikijikata kila mara, fundi mvivu huondoa breka ya 20 na kuweka ya 40. Kujikata kunaisha kweli, na kuanzia siku hiyo waya ndio unaochemka badala ya breka kukata.

Waya feki zipo tele: alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha rola. Nyingine ni shaba halisi lakini nyembamba. Waya wa 2.5 wenye nyuzi 7, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67, wa 1.5 ni 0.53. Kalipa inamaliza ubishi hapo hapo kaunta.

Hatua ya 4: Kabla ya plasta na dari

Hapa usiwe na haraka. Maungio yote yawe ndani ya boksi, yamebanwa kwa konekta yenye skrubu. Hakuna kuunga waya katikati ya bomba. Kusokota na kufunga kwa tepu pekee hakutoshi, maana gundi ya tepu hukauka kwa joto la dari na msokoto hulegea. Ungio lililolegea linapata moto hata likipitisha ampia 8 tu, na breka haioni kosa kwa sababu ampia 8 ni halali kwake. Vuta kila waya kwa mkono kwenye konekta, ukichomoka, arudie. Mwisho piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imelazwa pembeni, ili anayekuja kupachika kabati asitoboe waya.

Hatua ya 5: Vipimo

Zima meni (swichi kuu ya nyumba), toa balbu, chomoa kila kitu, fundi apige mega (kipimo cha uimara wa ngozi ya waya) ya volti 500 kati ya waya hai na erthi, na kati ya nyutro na erthi. Chini ya megaohomu 1, atafute kosa. Umeme ukishawaka, bonyeza T kwenye RCD. Lazima ikate papo hapo.

Hatua ya 6: Grili

Huyu sasa ni fundi wa kuchomelea, maana moto ukizuka lazima watu wapate pa kutokea. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa bawaba, kufuli ndani, ufunguo kwenye msumari ambao mtoto anaufikia na mwizi wa nje haufikii.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, soketi ya jikoni inapata joto, plagi imekuwa nyeusi, lakini breka haijakata hata siku moja. Shida ni breka?*

Hapana, ni skrubu au meno ya soketi yaliyolegea. Zima breka. Badilisha soketi na plagi zote mbili, maana plagi iliyoungua itaharibu soketi mpya. Waya ukatwe hadi shaba inayong'aa.

*Mimi nimepanga na mwenye nyumba hataki gharama. Nianze na nini?*

Ekstensheni. Nyingi za bei rahisi zina waya wa 0.75, unaobeba ampia 6, karibu wati 1,400. Birika la wati 2,000 peke yake limeshauzidi. Birika na pasi vichomeke ukutani. Umeme ukikatika ukiwa unapiga pasi, chomoa kabla hujatoka.

*Mtungi wa gesi unafaa kukaa ndani?*

Nje, umesimama wima, kwenye kivuli. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, hivyo tundu la kupitisha hewa liwe karibu na sakafu. Maungio pima kwa povu la sabuni. Ukisikia harufu usiguse swichi, hata kwa kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toka.

*Kizimamoto gani kwa nyumba?*

Cha unga, mshale wake ukiwa kwenye kijani, kining'inie karibu na mlango wa jikoni na siyo juu ya jiko. Moto wa umeme, zima meni kwanza, wala usimwage maji. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usikibebe kikaango kukitoa nje. Zimamoto ni 114, na mtu mmoja akasimame barabarani kuwaonyesha njia, maana mitaa yetu mingi haina namba za nyumba zinazoonekana usiku.