Kuvuta trela Barabara ya Alaska msimu wa moto wa misitu: hatua kwa hatua

Ukiishi Edmonton au Calgary na likizo ikaangukia Julai, safari ya Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, inavutia sana. Barabara ya Alaska inaanzia Dawson Creek, British Columbia, na siku hizi ni lami karibu mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni kwamba njia ni moja. Kati ya Fort Nelson na Watson Lake kuna zaidi ya kilomita 500 za msitu na milima, mtandao wa simu haushiki sehemu kubwa, na hakuna barabara ya mchepuko. Mwenye gari dogo akikuta moto mbele anageuza na kurudi. Wewe unayevuta trela ya kulala safarini utageuzia wapi? Ndiyo maana nasisitiza: uamuzi wa kusonga mbele au kurudi fanyia mjini, usiufanyie njiani.

Hatua ya 1: Trela isiwashe moto

Anza na minyororo ya usalama. Ipishanishe chini ya ulimi wa trela, ilegee kiasi cha kuruhusu kona, lakini isiguse lami hata kidogo. Mnyororo unaoburuzwa hutoa cheche kilomita hadi kilomita, na pembeni ni nyasi kavu. Tairi nazo: zile za trela huzeeka zikiwa zimesimama uani, kwa hiyo usidanganyike na kashata nzuri. Angalia nyufa ubavuni na mwaka wa kutengenezwa. Likipasuka, rimu ikasugua barabara, cheche ni zilezile.

Kila mnaposimama kujaza mafuta, sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Joto la kawaida halina neno. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, ni beringi au breki inayokwama, na hapo hamwondoki mpaka mmejua. Gesi ya kupikia ya trela ifungwe kwenye mtungi muda wote mnapotembea. Na msiegeshe kwenye nyasi ndefu. Bomba la moshi la gari huwa na joto la kutosha kuziwasha.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mafuta ya kurudi

Mnamo 10 Mei 2024 moto wa Parker Lake ulizuka karibu na Fort Nelson, na mji mzima ukaamriwa kuhama. Watu walielekezwa Fort St. John, karibu kilomita 380 kusini. Piga hesabu kwa umbali huo: gari lako, likiwa linavuta trela, linafika na robo tangi? Langu halifiki. Basi tangi lisishuke chini ya nusu, hata kama vituo vidogo vya njiani kama Toad River vinauza bei ya kuumiza. Umeme ukikatika, pampu hazifanyi kazi.

Angalia pia kwamba ilikuwa Mei. Wengi husubiri Agosti ndipo waanze kuogopa moto, kumbe kuna moto unaolala chini ya theluji ndani ya mboji na kuibuka tena majira ya kuchipua.

Hatua ya 3: Soma taarifa kabla ya kutoka mjini

Tovuti ya DriveBC inaonyesha barabara za British Columbia zilizofungwa, programu ya simu ya BC Wildfire Service inaonyesha moto uko wapi, na ukivuka mpaka unatumia 511 ya Yukon, huduma ya taarifa za barabara za huko. Pakua ramani za kutumia bila intaneti. Kama una kifaa cha ujumbe wa setelaiti, kikae mbele, kisifukiwe kwenye begi nyuma.

Jua tofauti ya tahadhari ya kuhama na amri ya kuhama. Tahadhari ina maana wenyeji wajiandae. Mgeni mwenye trela aichukulie kama amri: ondoka, uwaachie barabara wenye nyumba zao. Mwaka 2023 moto wa Donnie Creek, kaskazini mwa Fort St. John, uliunguza zaidi ya hekta laki tano na kuisogelea barabara hii hii.

Hatua ya 4: Toka alfajiri, na uwe na konda

Moto huchangamka mchana, joto likipanda na unyevu ukishuka. Kuanzia saa nane hadi jioni ndiyo saa zake mbaya. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, ufike mapema. Ubaya wake ni kwamba asubuhi moshi hutulia mabondeni, na karibu na Liard River baisani, wale wanyama wanaofanana na nyati, husimama katikati ya njia bila wasiwasi. Washa taa, punguza mwendo.

Aliyekaa pembeni ndiye konda. Kazi yake ni kuandika kwenye karatasi namba ya kilomita ya kila sehemu unayoweza kugeuzia: uwanja wa hoteli, machimbo ya kokoto, maegesho ya kupumzikia. Ukilazimika kurudi, unajua ya karibu iko nyuma umbali gani.

Kurudi kinyumenyume, shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto, mkia wa trela unaenda kushoto. Rudi upande wa dereva, unapouona mkia kwa dirisha lako. Konda ashuke na kusimama mahali unapomwona kiooni, asipoonekana, simama.

Hatua ya 5: Mkiingia kwenye moshi

Madirisha na matundu ya trela yafungwe kabla ya kuondoka. Garini zungusha hewa ya ndani. Mkikuta gari la kuongoza msafara, mfuateni bila kusimama, na hakuna picha. Majivu yakianza kutua kwenye kioo na hakuna anayeongoza, rudini hadi nafasi ya mwisho aliyoandika konda.

Usiku, kambini penye umeme, chukua chujio la hewa la tanuru ya kupashia nyumba joto, la daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kuchuja), na ulibandike kwa tepu nyuma ya feni yenye umbo la boksi, mshale uliochorwa kwenye chujio ukielekea feni. Ziba pembe zote. Asubuhi litakuwa limegeuka kijivu. Mwenye pumu atakuwa amelala. Beba machujio ya akiba, kwa sababu moshi ukitanda huisha madukani upesi.